Magodoro ya Mtoni

Jumanne moja ya mwezi wa tisa, saa nne za asubuhi, Mwanakheir aliona namba mbili zisizopatana. Alikuwa amekaa mezani kwake Shangani, katika chumba cha juu cha nyumba kongwe ambamo kitengo chao cha takwimu za viwanda kilikuwa kimehamishiwa kwa muda, akitengeneza jedwali la miaka kumi. Jedwali hilo lilitakiwa kuonesha viwanda vimechangia kiasi gani katika pato la nchi, mwaka baada ya mwaka, na kwa siku za karibuni robo baada ya robo.

Kila kiwanda hujaza dodoso kila miezi mitatu: kimezalisha nini, kina wafanyakazi wangapi, kimetumia umeme kiasi gani. Kwa desturi ya ofisi, namba ya bidhaa huingizwa kwenye kompyuta na namba ya umeme hubaki kwenye karatasi, kwani hakuna aliyewahi kuiulizia. Mwanakheir alikuwa akiziingiza zote mbili. Hakuagizwa na mtu. Ndivyo alivyo tu, hata nyumbani hupanga mifuniko ya masufuria kwa ukubwa.

Kiwanda cha magodoro cha Mtoni, robo ya kwanza: magodoro elfu tisa, umeme uniti elfu arobaini. Robo ya pili: magodoro elfu kumi na moja, umeme uniti elfu sita.

Alidhani amekosea kuandika. Akainuka, akafungua kabati, akalitafuta dodoso lenyewe. Hakukosea. Chini palikuwa na saini ya meneja na mwenye kiwanda, Bwana Ubwa, na muhuri wa kiwanda uliogongwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza wino haukushika.

Kiwanda kile alikijua. Mumewe, Machano, alikuwa fundi wa mtambo wa kuchanganyia sponji pale kwa miaka kumi na saba. Ofisini hakuna aliyelijua hilo. Mwanakheir hakuwaficha, ila hakuwahi kuulizwa, na yeye si mtu wa kusema asichoulizwa.

Akiwa amelishika lile dodoso, akakumbuka ovaroli la mumewe. Miaka yote lilikuwa likinuka kemikali, harufu kali ya kuchoma pua, hata akawa halifui pamoja na nguo nyengine. Siku hizi alikuwa akilichanganya na sare za skuli za binti yao, Ummy. Alijaribu kukumbuka tangu lini, akashindwa.

*

Mkuu wa kitengo, Bwana Hamid, alikuwa amebakiwa na miezi minane astaafu. Alimsikiliza Mwanakheir huku akiipangusa miwani yake kwa ncha ya shati.

"Labda wamefunga sola," alisema.

"Labda."

"Fomu imesainiwa?"

"Imesainiwa."

"Mwanakheir, jedwali linatakiwa Alkhamisi ijayo. Mwaka huu viwanda vimepanda, na wenzetu hawa wa magodoro ni wakubwa katika kundi lao. Ukiwatoa, mstari unashuka."

"Sijasema tuwatoe. Nasema tukatizame."

Bwana Hamid alivaa miwani, akaziangalia zile namba mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekwisha kuona namba nyingi zisizopatana, na zote zikaenda zikapita.

"Haya. Mchukue Ilham mwende keshokutwa. Lakini wapigieni simu kwanza, tusiwavamie watu."

Hapo ndipo Mwanakheir alipotakiwa kusema kwamba mumewe yupo kiwandani pale. Aliyaona maneno yenyewe yalivyo mafupi. Akafikiri kwamba akiyasema, atatumwa mwengine, na huyo mwengine atapewa soda, atasainiwa karatasi, atarudi. Akafikiri pia, kwa mbali, kwamba yeye mwenyewe anataka kujua, na si kwa ajili ya ofisi.

"Ahsante, Bwana Hamid," alisema, akatoka.

*

Machano alirudi nyumbani Mwanakwerekwe saa kumi na moja jioni kama kawaida yake, akakoga, akaswali, akakaa mkekani. Mwanakheir alimwekea muhogo wa nazi na kipande cha samaki changu. Ummy alikuwa chumbani na vitabu vyake. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umekaribia.

"Baba Ummy, mtambo haujambo?"

"Mtambo upo."

"Unafanya kazi?"

Machano alitoa mwiba mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani. "Kwa nini?"

"Nnauliza tu. Ovaroli lako halinuki siku hizi."

"Unauliza wewe au inauliza ofisi?"

"Nauliza mimi."

"Basi mtambo unafanya kazi," alisema, akanawa mikono, na sahani ilikuwa bado nusu.

Mwanakheir aliondoa vyombo. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa waligombana kwa mambo mengi, ya ndugu na ya watoto na ya bati la jikoni, lakini hakukumbuka hata siku moja kuambiwa na Machano jambo ambalo si kweli. Alijiuliza labda amewahi kuambiwa na hakujua. Fikra hiyo ilimkera kuliko uongo wenyewe.

Siku ya pili yake Machano alirudi na ovaroli jipya la buluu, lina mikunjo ya dukani, akalitundika nyuma ya kiti.

"Tumepewa sote," alisema bila ya kuulizwa. "Kesho wanakuja wageni wa serikali."

"Najua," alisema Mwanakheir.

Machano alimtazama. Mwanakheir naye alimtazama. Ummy alitoka chumbani kuulizia rula yake, wakamtafutia wote wawili, wakaikuta juu ya friji. Baada ya hapo hakuna aliyelirudia lile neno.

*

Bwana Ubwa aliwapokea mlangoni mwa ofisi yake kwa tabasamu na soda za baridi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya upole, na mezani alikuwa amewatayarishia faili lenye vikaratasi vya rangi vya kugawia kurasa. Mwanakheir alisema watalisoma baadaye. Wao wamekuja kutizama uzalishaji. Ilham, aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini na bado akifuata mwongozo kama ulivyoandikwa, alikuwa amekwisha kusimama, kalamu mkononi.

Jumba la mtambo lilikuwa limefagiliwa vizuri mno. Katikati, mtambo ulikuwa unazunguka na mkanda wake mrefu ukienda, juu yake hamna kitu. Kando yake walisimama wanaume watatu wenye maovaroli mapya. Wa kati alikuwa Machano.

"Huyu ndiye fundi wetu mkuu," alisema Bwana Ubwa. "Machano, wageni hawa wana maswali mawili matatu."

"Karibuni," alisema Machano.

"Ahsante," alijibu Mwanakheir.

Lililokuwa ajabu ni kwamba sauti zao zilitoka sawasawa, kama za watu wanaokutana mara ya kwanza. Mwanakheir aliona mkunjo wa ovaroli begani mwa mumewe, ule ambao asubuhi alitaka kuupiga pasi na mwenyewe akakataa.

"Shikamoo," alisema Ilham.

"Marahaba."

"Kwa zamu moja mnatoa magodoro mangapi?"

"Mia na ishirini," alisema Machano. Macho yake yalikuwa kwenye mkanda.

Ilham aliandika. Mwanakheir naye alikuwa na karatasi, lakini kalamu yake haikwenda. Bwana Ubwa akasema basi, kama wameridhika, waende ghalani. Ilham akasema bado kidogo. Kwenye mwongozo kulikuwa na sehemu ya kueleza hatua za uzalishaji, naye hakuwahi kuona sponji likitengenezwa.

"Nieleze tu kwa ufupi, mzee wangu. Linaanzaje?"

Machano alisita. Kisha akaunyoosha mkono, kama mtu anayeonesha nyumba yake.

"Kemikali mbili. Moja inatoka tangi hili, ya pili tangi lile. Zinakutana hapa juu, kichwani, na zikikutana hazimngojei mtu. Kwanza zinakuwa kama maziwa. Unahesabu mpaka kumi na tano, mara zinaanza kupanda." Sauti yake ilikuwa imebadilika; ilikuwa sasa sauti yake ya nyumbani. "Tulikuwa tunasimama watu wanne, wawili huku na wawili kule. Likipanda upesi tulikuwa tunajua joto limezidi. Siku za baridi ya kusi nilikuwa nazidisha kichocheo kidogo, siku za joto napunguza, hayo hayamo kitabuni. Bonge zima lilikuwa linafika hapa, kifuani. Na hulikati siku hiyo hiyo, maana ndani bado linachemka, linaweza kushika moto. Tulikuwa tunalilaza kule mpaka kesho yake."

Ilham alikuwa akiandika haraka. Akasimama, akaisoma sentensi yake mwenyewe.

"Mlikuwa?" aliuliza. Hakuuliza kwa kumtega. Alitaka aandike sawa.

Bwana Ubwa alicheka. "Ndivyo anavyozungumza huyu."

"Sasa hivi mnafanyaje?" aliendelea Ilham. "Mara ya mwisho mmechanganya lini?"

Wale wanaume wawili wengine walitazama chini. Mtambo uliendelea kuunguruma. Mwanakheir alijua kwamba akitaka, anaweza kusema neno lolote, kwamba wakati umekwenda, kwamba hilo litajazwa baadaye, na Ilham angefunga daftari lake. Hakusema.

Machano alikwenda kwenye ubao wa swichi, akauzima mtambo. Mkanda ulikwenda kidogo, ukasimama.

"Alkhamisi ya mwisho ya mwezi wa pili," alisema.

*

Ghalani kulikuwa na makontena mawili yaliyofunguliwa. Ndani yake magodoro yalikuwa yamekunjwa na kubanwa ndani ya plastiki, membamba kama mikeka. Vijana kumi walikuwa wakichana plastiki kwa visu, godoro linavuta pumzi, linajinyanyua, wanalivisha mfuko, wanabandika lebo iliyoandikwa kwamba limetengenezwa Zanzibar.

Bwana Ubwa hakujaribu tena kucheka. "Bibi, niwaambieni ukweli. Kemikali zimepanda mpaka haziguswi. Godoro hili likifika limeshakuwa godoro, na bado ni rahisi kuliko langu. Ningefanya nini? Kiwanja hiki nimepewa kama mwenye kiwanda. Msamaha wa kodi nimepewa kama mwenye kiwanda. Mkiandika kwamba mimi mchuuzi, watu sitini hawa wanakwenda wapi?"

"Sisi tunaandika tulichokiona," alisema Mwanakheir.

"Na mnajua mtakachokifanya?"

Alijua. Kwenye sehemu ya maoni ya mdadisi aliandika kwa mkono wake: Mtambo haujazalisha tangu mwezi wa pili. Bidhaa huagizwa zikiwa tayari, hufunguliwa na kubandikwa lebo. Akasaini, akampa Ilham naye asaini.

Walipotoka kwenda kwenye gari ya ofisi, Ilham aliuliza kwa sauti ya chini, "Yule fundi, Bi Mwanakheir, watamfukuza?"

"Huenda."

"Masikini. Angekaa kimya angepata nini, na kasema kapata nini."

"Yule mume wangu."

Ilham alisimama, mkono mmoja kwenye mlango wa gari. "Ungeniambia, nisingeuliza."

"Ndiyo maana sikukwambia," alisema Mwanakheir, akaingia ndani.

*

Machano alirudi mapema siku hiyo, na ovaroli jipya hakuwa nalo. Aliambiwa alivue aliache. Aliambiwa pia akapumzike nyumbani mpaka atakapoitwa.

"Kwa nini ulinidanganya?" aliuliza Mwanakheir. Aliuliza bila ukali. Walikuwa wamekaa uani, na Ummy hajarudi skuli.

Machano aliitazama mikono yake. "Miezi sita nilikuwa nabandika lebo," alisema. "Na watoto wa miaka ishirini, mezani. Wao wananishinda, mikono yao myepesi. Ningekwambia nini?"

"Ungeniambia hivyo hivyo."

"Na wewe ungeniambia kwamba ndiye wewe unayekuja."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza," alikubali Machano. Kisha akasema, "Yule mtoto anauliza vizuri."

*

Ofisini mambo yalikwenda kwa utaratibu. Bwana Hamid aliyasoma maoni, akaagiza robo ya pili irekebishwe na ya kwanza igawanywe, miezi miwili kiwanda na mmoja biashara. Magodoro yale elfu kumi na moja yaliondolewa kwenye viwanda. Faida ya kuyauza ilihamishiwa kwenye biashara, iliyo kazi ya meza ya pili kutoka dirishani. Mchango wa viwanda ulishuka kwa sehemu ya kumi ya asilimia moja. Pato la nchi kwa jumla halikushuka hata kwa kiasi cha kuonekana, na kule ulikopelekwa mstari ule hakukutokea aliyeuliza.

Siku iliyofuata Bwana Hamid alimwita Mwanakheir, akafunga mlango.

"Nimepigiwa simu na Bwana Ubwa. Kweli yule fundi ni mumeo?"

"Kweli."

"Ungeniambia, ningemtuma mwengine."

"Mwengine angekunywa soda akarudi."

Bwana Hamid aliinamisha kichwa, akazipanga upya kalamu mezani. "Huenda," alisema. "Lakini kanuni ni kanuni, na ulitakiwa useme." Akamkabidhi bahasha. Ilikuwa barua ya onyo, aya mbili, imeandikwa kwa heshima. Mwanakheir aliisoma akiwa amesimama, akasaini nakala ya faili, akashukuru. Chini ya ngazi alimkuta Ilham anamngoja. Alikuwa amemnunulia chapati na chai. Walikula pamoja.

Kiwandani walipunguzwa watu ishirini na wawili, Machano akiwa wa kwanza kwenye orodha. Waliobaki waliendelea kuchana plastiki. Miongoni mwa waliopunguzwa alikuwa mshonaji wa mifuko ya magodoro, mume wa Shemsa, jirani yao wa mtaa wa nyuma. Jumapili moja asubuhi Shemsa alipiga hodi, akakaribishwa, akakataa kukaa.

"Sikuja kugombana, Bi Mwanakheir. Nimekuja kuuliza. Hiyo namba mliyoitengeneza, imemtengenea nani?"

Mwanakheir alikuwa na jibu la kazini, ambalo huwasomea wadadisi wapya siku ya mafunzo: kwamba nchi isiyojua ilipo haijui inakokwenda. Halikumtoka.

"Haijamtengenea mtu," alisema. "Ilikuwa haiko sawa tu."

"Nyinyi bado mnao mshahara mmoja, wa serikali. Sisi tulikuwa na ule mmoja tu."

"Najua, Shemsa."

"Basi." Shemsa alijitanda buibui lake vizuri, akaaga. Tangu siku hiyo wakikutana sokoni aliitikia salamu, lakini hakuwa wa kwanza kuitoa. Machano, aliyekuwa nyuma ya pazia, alisikia yote na hakutoka.

Kwa miezi miwili alihangaika. Alitengeneza mashine za kufulia za watu, pampu za visima, friji moja ambayo haikupona. Wenzake wa zamani walimpita barazani bila ya kukaa. Mmoja alimwambia usoni kwamba ameuza watu sitini ili amfurahishe mkewe. Machano alimjibu kwamba si sitini, ni ishirini na wawili. Huyo mtu aliona anadhihakiwa, wakaacha kusemezana.

*

Mwezi wa kumi na mbili kitabu cha takwimu kilichapishwa, na Mwanakheir alirudi nyumbani na nakala moja. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Machano alikuwa amekaa sebuleni na mkoba mbele yake, anapanga nguo. Hoteli moja kubwa ya Kiwengwa ilikuwa imemkubali kwa majaribio, fundi wa mashine za kufulia mashuka. Angelala huko siku sita na kurudi siku moja.

"Ndicho hicho?" aliuliza.

"Ndicho."

"Nioneshe."

Mwanakheir alikaa karibu yake, akafungua ukurasa wa bidhaa za viwandani. Alimwekea kidole kwenye mstari wa magodoro, akamweleza kwamba ni viwanda viwili, chao na kile kidogo cha Amani, na kwamba miaka inakwenda kutoka kushoto. Machano alikichukua kitabu, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

Alisoma polepole, akipita kutoka namba hadi namba kwa ukucha. "Huu mwaka tulileta kichwa kipya cha mtambo. Mara mbili niliungua." Akasogea. "Huu tuliingia zamu tatu. Nikirudi Ummy keshalala, nikitoka hajaamka." Akasogea tena, akasimama. "Hapa imeanguka."

"Corona."

"Ndiyo. Hoteli zimefungwa, nani anunue godoro." Ukucha uliendelea. "Hapa imeinuka. Hapa imeinuka. Na huku mwisho?"

"Hiyo robo ya pili ya mwaka huu. Kwenu hakuna kitu. Iliyobaki ni ya wale wengine."

Machano aliitazama namba ile ndogo kwa muda mrefu. Uani Ummy alikuwa akianua nguo.

"Sawasawa," alisema Machano mwishowe. "Ndivyo ilivyokuwa." Akakifunga kitabu, akamrejeshea, akaendelea kukunja shati. Kisha akauliza, bila ya kuinua uso, "Na hoteli mnaziweka wapi?"

"Kwenye huduma. Si kitengo chetu, wapo chini."

"Nani anaandika?"

"Kuna kijana mmoja. Simjui vizuri."

"Mwambie kuanzia Jumatatu nipo huko," alisema, akafunga zipu ya mkoba.